Mwalimu Nyerere na wanafunzi wa universite

Mtu wa Lweba akivuka ziwa kwenda Kigoma kufuata karatasi serikalini, na akafika tarehe 14 ya mwezi wa kumi, atakuta ofisi zote zimefungwa. Ni siku ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyekufa tarehe hiyo mwaka 1999. Sisi wa mwambao huu wa Fizi hatuna haja ya kuelezwa sana huyu mzee alikuwa nani. Tangu vita ya 1996 familia nyingi za hapa zilipanda mitumbwi na maboti, zikaishi Nyarugusu na Lugufu, watoto wakazaliwa kule, wengine wakasoma kule mpaka wakaota ndevu. Jina la Mwalimu tulilisikia kwa heshima na tumerudi nalo kwa heshima.

Lakini kuna sehemu moja ya maisha yake ambayo radio haiisimulii sana siku ile. Ni mambo yake na wanafunzi wa universite. Tumeona vizuri tuiandike, juu kila vakansi vijana wetu wanarudi Lweba kutoka Uvira, Bukavu na kwingine na maneno yale yale: komite ya wanafunzi imekwenda kuuliza habari ya minervale, wakubwa wamekasirika, na yule aliyesema kwa niaba ya wenzake ametishwa kufukuzwa. Vijana wanatuuliza kama ni Kongo tu ndiyo iko hivyo. Tunawajibu kwa kuwasimulia habari za huyu mzee wa ng'ambo, juu yeye alikaa pande zote mbili za ile meza.

Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, tarehe 13 mwezi wa ine 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki na mwenye wake wengi. Mama yake aliitwa Mugaya. Kijana alichunga mbuzi kama wengine, hakuingia shule mpaka alipofika miaka 12. Alianzia Mwisenge pale Musoma, kisha akapelekwa Tabora, kwenye shule ya serikali ambayo Waingereza walikuwa wanaitengeneza kwa watoto wa machifu na wale wenye akili nyingi. Ilikuwa shule ya nidhamu kali. Viranja, wale ambao hapa kwetu tungewaita wakubwa wa darasa, walikuwa na haki zao za pekee, hata kwenye sahani ya chakula. Inasimuliwa kwamba Nyerere, naye alipokuwa kiranja, alisimama kupinga desturi ya viranja kupewa posho mara mbili. Mtu anayekataa nyama yake ya ziada juu ya wengine hawaipati, huyo tayari ni mtu wa kuangaliwa. Tushike hii habari ya sahani, itarudi mbele.

Mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Tukumbuke ule wakati ulikuwaje. Vita kubwa ya dunia ilikuwa bado inapigwa. Makerere ndiyo ilikuwa shule moja tu ya juu kwa Waafrika wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Huku kwetu hakukuwa hata kitu: Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, miaka kumi na moja nyuma yake, na kabla ya pale kijana wa Kongo aliyetaka kusoma sana mlango wake ulikuwa seminari. Wanafunzi wa Tanganyika pale Makerere walikuwa wachache, mbali na kwao, na hakuna aliyekuwa anawauliza maoni yao juu ya jambo lolote.

Nyerere na wenzake wawili, Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, wakaunda chama chao, kwa herufi wakakiita TAWA. Kilikuwa chama cha kusaidiana, cha kuangalia hali ya Waafrika wa Tanganyika. Si muda mrefu wakatambua kwamba kule nyumbani kuna chama kingine cha namna ile, TAA, kilichokuwako tangu 1929 Dar es Salaam, kikubwa kwa jina lakini kimelala. Vijana wakaandika barua wakaomba chama chao kiwe tawi la TAA. Wakakubaliwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1953, yule yule mwanafunzi wa Makerere akachaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 mwezi wa saba 1954 TAA ikageuka TANU, chama kilicholeta uhuru.

Hapa ndipo sisi tunasimama kidogo. Watu wakisoma historia hii wanaona njia ya uhuru. Sisi tunaona pia kitu kingine. Nyerere alijua, kupita kiongozi mwingine yeyote, kwamba kikundi cha wanafunzi watatu wanaoandika barua chumbani kinaweza kuwa serikali. Hakuambiwa na mtu, alikifanya mwenyewe. Mtu mwenye kujua hivyo, siku akiwa yeye ndiye serikali, hawezi kuwaangalia wanafunzi wenye kuandika barua kama watoto wanaocheza.

Katikati ya ile miaka alifundisha Tabora, akaenda Edinburgh kule Scotland tangu 1949 mpaka 1952 kuchukua digri, akarudi kufundisha kwenye shule ya Wakatoliki ya Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1955 akaambiwa achague: ualimu ao siasa. Akaacha mshahara. Jina la Mwalimu likabaki, kazi ikaisha. Tunaharakisha hapa kwa sababu habari hizi kila mtu anazo.

Universite ya Dar es Salaam ilizaliwa mbele ya uhuru wenyewe, kwa wiki chache tu. Ilianza mwezi wa kumi 1961 na masomo ya sheria, ikiwa na wanafunzi wasiotimia hata darasa moja la shule yetu ya msingi, ndani ya nyumba ya TANU, kwenye barabara ambayo leo inaitwa kwa jina la Lumumba. Uhuru ukaja tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zikaunganishwa kuwa Universite ya Afrika Mashariki, na Nyerere akawa mkuu wake wa heshima. Mwaka uliofuata Dar es Salaam ikahamia kwenye kilima nje ya mji, na mpaka leo watu wanaiita Mlimani. Serikali ililipa yote: chakula, kitanda, vitabu. Kijana akimaliza, kazi ilikuwa inamngoja na mshahara ambao mkulima hawezi kuuona hata akivuna miaka mingi.

Na Mwalimu jambo hili lilimsumbua. Mwezi wa kwanza 1964 askari wake mwenyewe walikuwa wamefanya uasi na karibu waangushe serikali. Alitoka pale akiamini kwamba nchi changa inaweza kuvunjwa na kikundi chochote chenye kujiona. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwako tayari tangu 1963, na mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba hata waliosoma sana lazima wapite humo: miezi michache kambini, kisha mwaka mmoja na nusu ndani ya kazi zao kwa asilimia 40 tu ya mshahara.

Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 mwezi wa kumi 1966 walishuka kutoka Mlimani, wamevaa majoho yao mekundu ya universite, wakatembea mpaka Ikulu. Mabango yao yalikuwa na maneno makali. Moja lilisema kwamba wakati wa mkoloni mambo yalikuwa afadhali. Tunafikiri ile bango ndiyo iliharibu kila kitu. Mtu aliacha mshahara wake kumtoa mkoloni, halafu watoto aliowajengea shule wanamletea neno hilo mlangoni!

Mwalimu aliwapokea, na mawaziri wake walikuwa pale. Msemaji wa wanafunzi akasoma karatasi yao. Ilisema kwamba wakilazimishwa kwenda, miili yao itakwenda lakini mioyo haitakwenda. Ilisema pia jambo lingine, na hili ndilo watu wanasahau: kwamba wakubwa wanawaomba wanafunzi wajinyime wakati wao wenyewe wanakula vizuri, na tofauti ya mishahara nchini ni kubwa mno. Mwalimu alikasirika sana. Alikubali kwamba mishahara ni mikubwa, ya wanafunzi wanayoitamani na ya wakubwa pia, na hapo hapo akatangaza kupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Kisha akaamuru wanafunzi warudishwe makwao. Walikuwa 393, wengi wao wa Mlimani na wengine wa vyuo vingine, wakasindikizwa na polisi mpaka kwa wazazi wao. Mmoja wao alikuwa Samuel Sitta, ambaye baadaye sana alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Wazee wenzetu wengine wanasema alifanya vizuri kabisa. Sisi tunasema alifanya nusu vizuri. Kuwaambia vijana wenye kulipiwa kila kitu na jasho la mkulima kwamba nao watoe kidogo, hilo hatuwezi kulilaumu. Sisi wenyewe tunawaona hapa madokta wetu wakishapata diploma hawataki tena kufika Lweba. Lakini angalia pia vile mambo yalivyokwenda. Wanafunzi walisema wakubwa wanapata nyingi. Mkubwa akasema ni kweli, akakata yake. Kisha akawafukuza waliosema. Wengi wao walirudishwa mwaka 1967, baada ya kuomba msamaha. Ndani ya miezi ile ile lilitoka Azimio la Arusha, tarehe 5 mwezi wa pili, lenye kukataza viongozi kuwa na mishahara miwili ao nyumba za kupangisha. Hatusemi Azimio lilitoka kwa wanafunzi. Tunasema tu kwamba kilio chao kuhusu wakubwa kilisikilizwa, wakati wao wenyewe walikuwa bado vijijini wanalima na wazazi wao.

Kizazi kilichofuata pale Mlimani kilikuwa cha namna nyingine. Hawakumpinga Mwalimu kwa kuwa mjamaa. Walimwona si mjamaa wa kutosha. Mwalimu wa historia kutoka Guyana, Walter Rodney, alikuwa anafundisha pale. Kijana wa Uganda aliyeitwa Yoweri Museveni aliongoza kikundi cha wanafunzi wa mapinduzi, USARF, na waliandika gazeti lao dogo, Cheche. Mwishoni mwa 1970 kikundi na gazeti vyote viwili vikapigwa marufuku. Mwaka ule ule Dar es Salaam ilikuwa imegeuka universite yenye kusimama peke yake, Nyerere akiwa bado mkuu wake, na uongozi wa kila siku ulikuwa mikononi mwa Pius Msekwa, aliyetoka moja kwa moja kwenye kazi za chama.

Mwezi wa pili 1971 TANU ilitoa Mwongozo, karatasi yenye kukataza viongozi kuwa na kiburi na kuwadharau watu walio chini yao. Wafanyakazi wa viwanda waliusoma vizuri. Wanafunzi nao waliusoma. Rais wa umoja wao, DUSO, alikuwa Mkenya, Akivaga. Katikati ya mwaka ule aliandika barua ya wazi kwa Msekwa akilalamika kwamba universite inaendeshwa kwa amri tu, bila kuwasikiliza wanafunzi, na kwamba namna hiyo inapinga Mwongozo wa chama chenyewe. Polisi ya kuzuia fujo iliingia Mlimani, ikamchukua, na akarudishwa Kenya. Wanafunzi wakaacha masomo. Walimu wengine waliwaunga mkono. Swali halikuwa tena chakula ao pesa. Lilikuwa swali la nani anaongoza universite na kwa haki gani, na nani ana kiti pale maamuzi yanapokatwa. Baada ya uchunguzi, Akivaga aliruhusiwa kurudi kumaliza masomo yake. Tunalitaja hili kwa uzito, juu kwenye nchi nyingi za jirani kijana wa namna ile asingeonekana tena.

Na hapa lazima tuangalie kwetu. UGEC, umoja wa wanafunzi wa Kongo nzima uliozaliwa mwaka 1961, ulipigwa marufuku mwaka 1968. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969 wanafunzi wa Lovanium walishuka mjini Kinshasa kudai burse zao na haki ya kushiriki kwenye uongozi wa universite. Askari waliwapiga risasi. Mwezi wa sita 1971, wanafunzi walipotaka kuwakumbuka wenzao waliokufa, Mobutu aliwaingiza jeshini kwa nguvu, na mwezi wa nane universite zote tatu za nchi zikageuzwa kuwa moja, UNAZA, chini ya mkono wa serikali. Mwezi mmoja tu unatenganisha wanafunzi wa Lovanium kuvalishwa nguo za askari na Akivaga kupandishwa gari la polisi. Mtu akitaka kumpima Mwalimu na kipimo cha majirani zake, Mwalimu anapita vizuri sana. Ila yeye mwenyewe hakupenda kupimwa na kipimo kile.

Mwaka 1974, kule Musoma, karibu na kwao, chama kiliamua kwamba kijana akimaliza sekondari asiende moja kwa moja universite: afanye kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kazi, na apate barua nzuri ya mwajiri na ya chama. Wazo la kwamba msomi aguse kwanza jembe ao mashini ni wazo zuri. Lakini kijana anayejua kwamba kesho atahitaji barua ya chama, leo atafunga mdomo.

Hata hivyo hawakufunga wote. Mwanzoni mwa 1978 serikali iliongeza malipo na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Tarehe 5 mwezi wa tatu wanafunzi wa Mlimani walishuka tena kilima. Safari hii hapakuwa na neno la kumsifu mkoloni, wala hawakuomba kitu chao wenyewe. Walisema kwamba wakubwa wanajiongezea wakati wananchi wanateseka, na kwamba hii inavunja Azimio la Arusha. Kwa maneno mengine, walikuwa wanakataa posho mara mbili ya viranja. Polisi iliwazuia njiani, iliwapiga na kuwatupia moshi wa machozi, na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa.

Tumeuliza wazee waliokuwa Tanzania miaka ile, tumesoma tulichopata, na hatujaona namna ya kumtetea Mwalimu kwa jambo hili. Mwaka 1966 aliwafukuza wanafunzi juu walitaka zaidi kwa ajili yao. Mwaka 1978 waliofukuzwa hawakutaka kitu kwa ajili yao. Walisema lile ambalo yeye alilisema Tabora akiwa kijana, na ambalo aliliandika kwenye Azimio akiwa rais. Tofauti ni kwamba walilisema bila ruhusa, barabarani, wakiwa na chama chao wenyewe. Na chama kile ndicho kilichopigwa baadaye: DUSO ikaondolewa, mahali pake pakawekwa MUWATA, umoja wa wanafunzi uliofungwa chini ya vijana wa CCM. Kutoka pale mwanafunzi aliyetaka kulalamika juu ya wakubwa ilibidi apitie kwa wakubwa.

Wengi wa waliofukuzwa waliruhusiwa baadaye kurudi, vile ilivyokuwa mara ya kwanza. Hii nayo ni tabia yake: alifukuza kwa hasira, akarudisha kwa ubaba. Baba anaweza kusamehe mara mia bila kukubali hata mara moja kwamba mtoto alisema kweli. Vijana wetu wanaoingia kwenye komite wanaijua vizuri tabia hii, hata nyumbani wanaikuta.

Mwalimu aliacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake, jambo ambalo kwetu bado lilikuwa ndoto. Akarudi Butiama kulima. Alisema mbele ya watu kwamba kulikuwa na makosa ndani ya utawala wake. Mwaka 1990 ni yeye, mzee wa chama kimoja, aliyeanza kuwaambia wenzake wasiogope kuzungumza habari ya vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilika. MUWATA haikudumu: ndani ya miaka ile ile wanafunzi wa Mlimani waliivunja wakaunda tena umoja wao wenyewe, DARUSO, usiokuwa chini ya chama chochote. Miaka yake ya mwisho aliitumia Arusha, akiwapatanisha Warundi, kazi iliyotugusa hata sisi wa huku, juu bunduki za Burundi hazikuwahi kusimama mpakani.

Ugonjwa wa damu ulimchukua akiwa hospitalini London, na akazikwa Butiama tarehe 23 mwezi wa kumi 1999. Nyarugusu siku zile ilikuwa imejaa watu wa Fizi. Ndani ya kambi kulikuwa na shule zenye kufuata programu ya Kongo, chini ya maturubai na nyumba za udongo, na wanafunzi walikuwa na komite yao ya kupeleka maneno kwa wakubwa wa kambi. Baadhi ya waliokaa kwenye madawati yale leo ni walimu hapa Lweba.